Jiwe Jekundu la Mama Mwalimu

Juzi nilimwona mtoto wa jirani akichagua mchele huku akiimba hesabu, nikacheka peke yangu.

Zamani, shuleni kule Kasongo, akili yangu iliruka na njiwa wa paa la misioni, hata mwalimu akataka kunifukuza. Mkewe akamwambia, "Huyu mutoto munipe mimi, kisha masomo."

Masomo yalipokwisha akanipa ungo wa mchele, niuchague mawe. Nikajua nimeshafanywa mpishi, nikalia.

Mchana mmoja, jiko likinukia mawese, akauliza, "Saba mara nane?"

"Makumi tano na sita, Mama." Wala sikuinua macho.

"Eh! Njiwa wako iko wapi leo? Utabaki mu masomo!"

Vidoleni nilishika jiwe jekundu, lile lile la jana na juzi. Nilidhani limenipenda, linanifuata, nikalisalimia. Sasa najua nani alikuwa akilirudisha kwenye mchele.