Kapasita Alizoacha Vimla

Mwalimu Theodora Mughwai alikuwa mwenyeji wa Ihanja, mrefu, mwenye sauti ya chini, na vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa na makovu madogo ya kuungua. Wageni walidhani ni makovu ya jikoni, lakini yalitokana na risasi ya kulehemu nyaya za redio.

Kazi hiyo alijifunza mjini Singida mwaka 1966, alipopangiwa shule moja na Vimla, binti wa Prabhudas aliyekuwa na duka la vitambaa. Wote wawili walikuwa walimu wapya. Kaka yake Vimla alikuwa amekwenda ng'ambo kusoma, akaacha sanduku la vipande vya redio, mita ya mshale ya kupimia umeme na kitabu cha kujifunzia. Kila Jumamosi mchana wasichana hao walikaa uani nyuma ya duka, wakaunda redio juu ya kipande cha ubao. Maniben, mama yake Vimla, aliwaletea chai.

"Shikamoo, mama," Theodora alisema.

"Marahaba, binti yangu. Sasa niambieni, nani ataoa mwanamke anayechezea nyaya?"

Wakacheka, wakaendelea.

Kitu kilichomtesa Theodora mwanzoni kilikuwa kapasita. Zile kubwa zilikuwa vikopo vya bati, virefu kama kipande cha chaki, zenye waya kila ncha. Kazi yake ni kutunza umeme kidogo na kuutoa taratibu ili redio isikorome. Lakini zina upande. Ncha yenye mfuo ulioizunguka, kama shingo iliyokazwa kwa uzi, ni ya chanya. Ncha ya pili, ambayo waya wake umeshikana na bati lenyewe, ni ya hasi. Ukiigeuza inapata moto, inavimba, na mwisho inapasuka.

Kwa hiyo walijiwekea desturi. Kabla ya kuunga betri, mmoja aliuliza na mwenzake alijibu kwa kidole.

"Sema upande," Vimla alisema.

"Hii yenye shingo ni chanya. Inakwenda kwenye chanya ya betri."

"Na hii?"

"Hasi. Inakwenda kwenye fremu, hili bati la ubaoni, pamoja na hasi ya betri."

Kisha walibadilishana, Theodora akawa muulizaji. Kwa miaka sita hawakupasua hata moja.

Mwaka 1972 familia nyingi za Kihindi mjini zilikuwa zikifunga mizigo, na Prabhudas naye akaamua kumfuata mwanawe Uingereza. Theodora aliomba ruhusa shuleni, akapanda nao basi mpaka Manyoni walikokwenda kushika treni. Pale stesheni Vimla alimpa mita na mkebe wa poda uliokuwa na kapasita tatu.

"Usiache kushika nyaya, Dora."

Theodora aliukumbatia mkebe kifuani mpaka behewa la mwisho likapita. Alirudi Singida akiwa amekaa upande uleule wa basi alioketi wakati wa kwenda, na kiti cha pembeni yake kilikaliwa na mtu mwenye kuku.

Mwaka wa kwanza zilikuja barua tatu. Vimla alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha soksi. Mwaka wa pili ikaja moja. Theodora alihamishiwa shule ya kijiji kipya cha ujamaa, si mbali na Ihanja. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, udongo wa kuta haujakauka vizuri. Kila barua ilipofika shuleni alianza kwa kutazama stempu, kama ni ya Uingereza.

Kijiji kilikuwa na redio moja, ambayo watu wazima waliisikiliza pamoja alasiri kwa ajili ya masomo yao. Mwaka 1975 ikaanza kukoroma, kisha ikanyamaza. Mwenyekiti wa kijiji, Melkizedeki, akaileta kwa Theodora akiwa ameifunga katika shuka.

"Mwalimu, wanasema wewe unajua mambo haya."

"Najua kidogo, Mwenyekiti. Iache niione."

Aliifungua mezani, akapasha chuma chake cha kulehemu kwenye jiko la mkaa. Ubaya ulikuwa wazi: kapasita kubwa ilikuwa imevuja na kuacha ute mkavu chini yake. Akaing'oa bila hata kuangalia ilivyokaa, maana alikuwa na hakika. Akatwaa moja kati ya zile tatu za Vimla, ya pekee iliyolingana nayo, akaifunga kama alivyozoea: shingo kwenye waya wa betri, hasi kwenye fremu.

"Sema upande," alijiambia kwa sauti.

Akanyoosha kidole, akajijibu mwenyewe. Akaunga betri.

Ilichukua muda mfupi tu. Kikopo kikapata moto, kikavimba, kikapasuka kwa mlio mdogo, moshi mchungu ukajaa chumbani. Theodora akachomoa betri, akakaa chini. Hakuhuzunikia redio. Kitu kile Vimla alikuwa amemwekea kwa mkono wake, na sasa kilikuwa karatasi iliyoungua.

Siku ileile alimwandikia, akamchorea redio yote, akamwuliza amekosea wapi.

Jibu lisingeweza kuja upesi, na wanafunzi watu wazima walikuwa wakimwuliza kila siku. Akamwomba Philipo, dereva wa lori la ushirika, amtafutie redio mbovu yoyote huko Manyoni. Wiki iliyofuata Philipo akaleta moja iliyovunjika ganda.

"Hii imekufa kabisa, Mwalimu."

"Nataka utumbo wake tu."

Ndani mlikuwa na kapasita ya kufaa, lakini ilikuwa ya umbo jingine, nyaya zote mbili zikitoka ncha moja na zimekatwa sawa, na karatasi yenye alama imeliwa na mende. Theodora akatoa mita. Aliipima, akageuza nyaya, akapima tena. Upande mmoja mshale uliruka, kisha ukarudi taratibu mpaka karibu na mwanzo. Upande wa pili ulirudi nusu, ukabaki hapo, maana umeme ulikuwa ukivuja, kama ifanyavyo kapasita iliyogeuzwa. Hapo akajua chanya iko wapi, akaifunga uzi mwekundu uwe alama.

Safari hii hakuharakisha. Alifuata waya kwa kidole kutoka kwenye chunusi ya betri, upande wa chanya, na kuona kwamba haukwenda kwenye transista, vile vipande vya kukuza sauti, kama alivyozoea. Ulikwenda kwenye fremu. Katika redio ile fremu ndiyo ilikuwa chanya, kinyume cha zote walizounda uani kwa Maniben. Alikaa akiutazama waya ule. Alitamani kumwonyesha mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa kiwandani ng'ambo.

Akafunga waya wenye uzi mwekundu kwenye fremu, akaunga betri, akaigusa kapasita kwa kidole. Ilibaki baridi. Redio ikasema.

Alasiri ile watu walijaa uwanjani. Melkizedeki alimshukuru mbele ya wote, na Theodora akakaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wanafunzi wake.

Barua ya Vimla ilifika miezi mitatu baadaye. Ukurasa mzima ulieleza kile ambacho Theodora alikuwa ameshakigundua, ukiwa na mchoro safi wa fremu yenye alama ya chanya. Theodora aliusoma wote, neno kwa neno, kama asiyejua. Chini Vimla aliandika: "Mvua imenyesha huko? Hapa inanyesha kila siku na hakuna anayeifurahia."

Alijibu kurasa nne. Alimweleza nani ameolewa, uwele umekuwaje, na kwamba mvua bado. Mwishoni aliandika kwa penseli: "Utakuja lini?" Akaifuta. Baadaye akaiandika tena, kwa wino.