Siku Niliyotundikwa kwenye Mizani ya Majani

Afadhali niwaambie mwenyewe, kabla hamjaambiwa na wengine, kwa nini nikipita karibu na banda la kupimia majani ya chai natembea kama kuku aliyenyeshewa.

Nilikuwa karani wa mizani katika shamba moja upande wa Kericho, kijana kutoka kule ziwani, na hesabu nilijifunza mwenyewe kwa karatasi kuukuu za kufungia sukari (ndiyo maana naogopa kukosea hata ratili moja). Mchumaji akileta kapu, nalitundika kwenye ndoana, nasoma ratili, na siku za mvua napunguza kidogo, maana majani yaliyolowa hubeba maji na maji hayalipwi. Watu wakinung'unika, mimi husema tu, "Toa maji," kisha namwita anayefuata.

Basi kazi ya kukaa ikanipa tumbo. Zamani nilikuwa winga wa timu ya shamba. Tumbo lilipokuja, nafasi yangu akapewa Zakaria, mwenzangu wa bandani. Sasa huyo Zakaria! Anakula mlima wa ugali, anaramba sufuria, anamalizia na kibuyu cha maziwa lala, na bado kiuno chake ni cha nyigu, wakati mimi nikinusa tu ugali wake nanenepa. Na Mereza, binti wa mwalimu wa kanisa, aliyekuwa akinipigia vigelegele mimi, siku hizi mechi ikichezwa anamshikia Zakaria koti. Koti! Mimi hakuwahi kunishikia hata kofia.

Nyapara Barnaba, nahodha wetu, aliniahidi: "Lete mwili mwepesi kabla ya mechi ya Sotik, winga ni yako."

Nikaacha ugali, nikaishi kwa chai ya rangi isiyo na sukari. Mwanzoni ratili zilishuka, nikaimba. Halafu zikakwama, nikakata tamaa, nikala mahindi ya kuchoma mpaka taya zikauma, nikalia (ndiyo, nililia), nikaanza upya.

Asubuhi ya mechi nikaamua jambo dogo tu: nijipime mbele ya Barnaba, na Zakaria aone kwa macho yake. Ili nitoe jasho la mwisho nikavaa sweta mbili, nikajifunga gunia juu yake, nikapanda kilima mbio kutoka mtoni, mvua ikininyeshea njia nzima wala sikuijali. Nilipofika, wachumaji walikuwa wamejaa wakingoja kupimiwa, na Mereza amesimama pale na mwavuli wa baba yake. Sikurudi nyuma. Nikaingia kwenye kapu kubwa, Barnaba na Zakaria wakanitundika, miguu ikaning'inia nje.

Barnaba akasoma. Akafuta macho, akasoma tena. "Omera," akasema, akiniita ndugu kwa lugha ya kwetu ziwani, "umeongezeka."

"Mizani imeharibika!" nikapiga kelele.

Kisha Kogo Tabutany, nyanya mmoja wa Kipsigis ambaye jana yake nilimpunguzia majani bila huruma, akasogea mpaka karibu na goti langu. "Imeharibika? Tangu lini, kijana? Na majani yangu ya jana?"

"Na yangu!" wengine wakadakia. "Wiki nzima tumepimiwa uongo!"

"Karani," Barnaba akasema, "jibu watu. Mizani ni nzima ama ni mbovu?"

Fikirini hali yangu. Nikisema mbovu, nimewadhulumu watu wote hawa na kazi sina. Nikisema nzima, Mereza anasikia. Nikafumba macho.

"Ni nzima," nikasema. "Mimi ndiye mnene."

Kicheko cha watu kilisikika hadi barabarani. Na aliyeniokoa ni nani, kama si Zakaria?

"Toa maji, omera! Hamwoni amelowa?"

Yaani mimi, bwana Toa Maji, sikukumbuka maji yangu mwenyewe! Wakanivua gunia, wakanivua sweta zote mbili, Kogo akazikamua mbele ya umati. "Tazameni! Hii si karani, hii ni kisima!" Nikabaki na fulana yenye tundu kitovuni, nikatundikwa tena, Barnaba akasoma: nimepungua! Nimepungua kweli! Nikarusha mikono juu kwa furaha, na hapo ndipo kitako cha kapu kikaachia, nikashuka na majani yote yaliyonata ndani, mguu ukateguka.

Winga akacheza Zakaria, akafunga bao. Kumwonea mtu wivu ni vibaya, lakini kumwonea mtu aliyekusaidia ni vibaya zaidi, maana huna hata pa kumlaumu. Mimi nilikaa kando ya uwanja, mguu umefungwa kitambaa, Mereza akaja mbio moja kwa moja kwangu, moyo ukaruka.

"Nishikie hili," akasema, akaniwekea koti la Zakaria mapajani. "Nataka kupiga makofi kwa mikono miwili."

Bado napunguza mwili. Ratili zikikwama naanza tena kesho yake bila kulia sana. Siku za mvua, Kogo akitundika kapu lake hunitazama tu, na mkono wangu wa kupunguza umekuwa na huruma. Lakini nimeapa: kujipima, nitajipima peke yangu, nikiwa mkavu, na koti la mwanamume mwingine silishiki tena.