Kambale Alitulipa Kwanza

Kambale wa Spånga, mtaa wa huku ugenini tunakoishi, hakuwa mjanja, na nasema hivyo kwa mapenzi. Mjanja hawezi kukimbilia kulipa wenzake huku nyumba yake mwenyewe inamponyoka. Alikuwa na kampuni ndogo ya usafi, yeye na gari moja jeupe. Mteja wake mkubwa alipovunja mkataba, kila kitu kikaporomoka.

Aliomba mambo mawili kwa wakati mmoja. Mahakamani aliomba atangazwe mufilisi, maana madeni ya kampuni yalikuwa kwa jina lake. Benki aliiomba imlegezee mkopo wa nyumba: kwa mwaka mmoja alipe riba tu. Wakili aliyewekwa na mahakama kusimamia ufilisi alimwambia nyumba ile, ukitoa mkopo, haiachi kitu cha kugawia wadai. Benki ikikubali, huenda familia ikabaki humo. Mkewe Arielle alifunga siku tatu akiombea jibu hilo.

Tatizo likawa sisi. Tuko Wakongo saba wa kanisa moja, tuna likelemba yetu: kila mwezi wote tunatoa, mmoja anabeba kwa zamu. Kambale alikuwa ameshabeba, sisi wengine bado. Wiki moja kabla ya kwenda mahakamani aliuza gari, akatutumia kwa simu michango yake yote iliyobaki. Kisha akanipigia mimi, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya Madeleine, sitaki jina la mtu wa likelemba lionekane mu makaratasi ya kuanguka kwangu. Benki itangoja. Ninyi ni watu.”

Nilimsifu! Nikamwambia Mungu atamwongezea. Sehemu yangu niliituma Butembo, kwetu Kongo, siku ileile, mama yangu akafanyiwa upasuaji.

Kumbe kwa sheria ya hapa, ukikaribia kufilisika halafu ukalipa rafiki zako kwanza, umewadhulumu wadai wengine. Benki iliona kwenye taarifa ya akaunti: kwao miezi mitatu kimya, kwetu kamaliza kwa siku moja. Ikakataa. Wakili naye akatuandikia barua sisi sita wengine: rudisheni hela. Watu kanisani wakaacha kumsalimia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimkasirikia kana kwamba ameniibia, wakati heshima aliyonipa hajawahi kunipa mtu. Naona aibu hata kuandika.

Nyumba iliuzwa mwezi wa kumi na moja. Arielle akaniandikia ujumbe: binti yao Ella anaweza kulala kwangu Sundbyberg wiki mbili, mpaka wapate chumba? Ana shule, asihangaike. Niliusoma mara nne, sikujibu. Barua ya wakili ilikuwa mezani na sikuwa na hata robo ya kile kilichodaiwa.

Jumapili yake, saa kumi jioni, giza limeshaingia kama kawaida ya huku wakati wa baridi, kengele ikalia. Kupitia tundu la mlango nikamwona Kambale, na Ella kashika begi la shule na mto wake. Nikabana pumzi. Kengele ikalia tena.

“Pappa, hon är hemma,” Ella akasema kwa lugha ya huku. Yupo ndani, baba. Alikuwa akionyesha mwanga uliopita chini ya mlango, na kivuli cha miguu yangu katikati yake.

Kambale alitazama chini. Akauona, najua aliuona. Kisha akachukua begi kutoka mkononi mwa mtoto.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Yaya Madeleine hayuko. Angekuwako, angetufungulia.”