Mwaka Nyanya Alipochanjwa Mafua

Nyanya yangu, mama yake baba, aliogopa mwezi wa saba kuliko mwezi wowote. Baridi ikiingia, na ukungu ukilala juu ya mto mpaka jua lipande, mafua yalimwanzia puani kama yanavyomwanzia kila mtu, kisha yakashuka kifuani na kukaa. Baada ya mafuriko yale makubwa, mafua yalimlaza wiki tano. Nilikuwa nikimwinua ili apate pumzi, na kifua chake kilinguruma chini ya kiganja changu kama lori lililokwama kwenye tope la barabara ya Garsen. Baba mdogo alikwisha kutuma mtu Kipini amwite shangazi, na sote tulijua maana ya kumwita.

Akapona. Lakini hakuinuka kama alivyolala. Akitembea hatua ishirini husimama, akajifanya anatazama ng'ombe.

Mwaka uliofuata, kabla ya baridi, habari zilifika bomani kwetu kwamba zahanati ya Garsen imepata sindano ya kukinga mafua. Daktari mgeni aliyepita njia alikuwa ameacha chupa chache tu, za wazee wenye kifua kibovu. Zilikaa katika friji inayowaka kwa mafuta ya taa, na Jumamosi zitakazobaki zingepelekwa Hola. Habari zilitufikia Jumatano.

Baba alikuwa amekwenda mbali kuchunga ng'ombe, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Alikataa. Hakukataa kwa kutojua. Watu wetu walijua chanjo kabla hawajaona sindano, na siku ile ndipo mimi nilipoambiwa. Zamani ng'ombe wakipatwa na ugonjwa wa mapafu, wazee walichukua kipande kidogo cha pafu la ng'ombe aliyekufa, wakachana ngozi juu ya pua ya ng'ombe mzima, wakakitia ndani. Pua ilivimba. Ng'ombe alipata homa, akadhoofika, akainuka. Aliyeinuka hakuugua tena ugonjwa ule maisha yake yote.

Nyanya alinisimulia haya huku akijigusa pua yake mwenyewe, pale pa kuchana. Aliwashika ng'ombe pembe kwa ajili ya babake alipokuwa msichana kama mimi. Nilimsikiliza nikiwa nimeacha kutwanga. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane nikidhani nimejifunza yote yaliyoko duniani, na hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba watu wasio na kitabu hata kimoja walikuwa wamegundua kwamba ugonjwa mdogo huziba njia ya ugonjwa mkubwa.

Baba mdogo alisema haya yote ni kweli, lakini katika kila zizi mmoja au wawili waliangushwa na dawa yenyewe.

"Ng'ombe mia ukipoteza wawili umeshinda," alisema. "Mama ninaye mmoja."

Usiku ukapita na siku ya pili ikapita. Ijumaa alfajiri, baada ya kuswali, nyanya aliniambia nimletee punda. Alisema anakwenda kuuliza tu, na kuuliza hakuui.

Muuguzi wa zahanati, ambaye sote tulimwita daktari, alikuwa Mpokomo mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nyanya hakujua Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Kwangu hilo lilikuwa zito. Nilikuwa msichana wa kuinamisha kichwa hata nikitumwa chumvi dukani, na nyuma yetu palikuwa na foleni ya watu wakisikiliza kila neno.

Daktari alifungua friji akatoa chupa moja ili nyanya aione. Ilikuwa fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Nilipoigusa ilikuwa ya baridi kuliko maji ya mto alfajiri, na ndani yake hakuna kitu cha kuonekana, maji tu. Nyanya aliiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Akaniambia niulize ilichukuliwa kwa mgonjwa gani, na mgonjwa huyo alikufa au alipona.

Daktari alitabasamu, lakini hakucheka. Alieleza kwamba vidudu vya mafua hukuzwa kwa wingi, kisha vikauawa, na katika chupa hamna kilicho hai. Aliongeza kwamba sindano ya mwaka huu haitafaa mwaka ujao, kwa sababu mafua hubadilika sura kila mwaka, na mwili hauyatambui yakija na sura mpya.

Hili la pili nyanya alilikubali upesi kuliko nilivyodhani. Alisema hata wezi wa ng'ombe hawapiti njia moja miaka miwili. La kwanza ndilo lililomkwamisha. Babake alitia pafu bichi, lenye ugonjwa ulio hai, na ndiyo maana ng'ombe waliumwa na wakajifunza. Alinigeukia akasema kwa lugha yetu, polepole:

"Wewe ndiye uliyesoma. Kilichokufa kinafundisha nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la namna ile na kulingoja jibu. Nilitafuta katika yote niliyosomeshwa, sikuona kitu. Kisha nikamkumbuka ng'ombe wetu mwekundu. Ndama wake alikufa, naye akagoma kutoa maziwa, mpaka baba mdogo alipoijaza nyasi ngozi ya ndama yule na kumsogezea. Aliinusa, akailamba, maziwa yakashuka.

Nikamwambia, "Nyanya, ng'ombe aliyefiwa hukamuliwa kwa ngozi ya ndama wake. Ndama amekufa, lakini mwili wa mama unamjua."

Kisha akaikunja nguo begani, akanyoosha mkono wake mwembamba mbele ya daktari, akasema bismillahi.

Mpaka leo naukumbuka mkono ule. Neno lilitoka kinywani mwangu, na mtu mzima aliyewazika ndugu zake wote alilitegemea akatoa mwili wake.

Ningetamani kuishia hapo. Lakini daktari alipomaliza kuchoma sindano na kupangusa aliuliza kama tuna swali jingine, na nyanya akaninong'oneza, "Muulize nitakaa kando siku ngapi." Nilielewa mara moja. Ng'ombe waliochanjwa walitengwa na zizi hadi uvimbe upungue, wasije wakawaambukiza wenzao, na ndama zaidi. Nilitazama foleni. Mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kuchekea swali la mgonjwa aliyekufa au aliyepona. Niliona aibu kupeleka swali jingine la ng'ombe. Nikamwambia nyanya, "Hakusema." Lilikuwa jambo la kweli, na lilikuwa uongo.

"Basi nitafuata siku za ng'ombe," alisema. "Kumi na nne."

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Mke wa baba mdogo alikuwa na mtoto wa wiki sita. Nyanya aliagiza mikeka, akajengewa kibanda upande wa mtoni, nje ya ua wa miiba, karibu na mahali ndama hulala. Alikuwa na kikombe chake na kibuyu chake. Usiku wa kwanza alipata homa kidogo na mkono ukamuuma, akafurahi. Alituambia kwa sauti, kutoka kule kule, kwamba imeshika.

Siku ya nne ukungu ulishuka mapema kuliko kawaida ya mwaka. Ulitoka mtoni ukafunika kibanda chote, na asubuhi nilipompelekea chai nilikuta blanketi lake limelowa umande. Siku ya tano alikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha juu, lakini mimi nilikijua. Ndivyo kilivyoanza mwaka ule mwingine. Baba mdogo alisimama uani akisikiliza. Alisema hii ndiyo ile dawa, na kwamba alituonya. Nilitaka kumwambia si dawa, ni baridi, na ni mdomo wangu uliofungwa. Sikumwambia. Nilijifunga leso nikaenda Garsen kwa miguu.

Foleni ilikuwa ndefu. Nilisimama mbele yake na kuuliza swali lile: mtu aliyechanjwa mafua hutengwa siku ngapi, kama ng'ombe anavyotengwa? Kijana mmoja nyuma yangu alisema, "Dada, huyo nyanya yako ana pembe ngapi?" Watu wakacheka. Masikio yaliniwaka, ila miguu haikuondoka.

Daktari alivua miwani. Alisema miaka yote ya kazi yake hakuna aliyemuuliza hivyo, na kwamba yeye angepaswa kusema bila kuulizwa. Kilichokufa hakiambukizi. Nyanya aweza kumpakata hata mtoto mchanga leo hii. Kisha akaniuliza kibanda kiko wapi, nami nikamwambia, na uso wake ukabadilika. Alisema nimwingize ndani kabla ya jua kutua.

Nilirudi nikikimbia na kutembea. Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Daktari anajua watu," alisema. "Zizi hajawahi kulilinda. Kuna mtoto mle ndani."

Nilirudia maneno yote ya daktari. Hakusogea. Hapo maneno yaliniishia, na sikuwa nayo mengi tangu mwanzo. Nikainama nikaingia kibandani. Nikachukua kikombe chake, chenye chai aliyoibakisha, nikanywa chote. Kisha nikalala kwenye mkeka wake, nikavuta lile blanketi lenye umande hadi shingoni.

Alikasirika kuliko nilivyopata kumwona. Aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nilimwambia kama dawa yake huambukiza, mimi sasa nimeambukizwa, na tutakaa kando wawili siku zilizobaki.

"Hulali hapa," alisema. "Ukungu huu utakuingia kifuani."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeishi."

"Basi mimi pia nitakaa."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya miti ya mtoni. Alikohoa kidogo kidogo. Kisha akanyoosha mkono akanishika sikio, kama wanavyoshikwa ndama kujua kama wana homa. Akalishika la pili. Sijui alikuwa akipima nini. Ninachojua ni kwamba aliinuka, akakunja mkeka, akaniambia nibebe kibuyu, na tukaingia ndani.

Hakutuamini moja kwa moja, mimi wala daktari. Siku tisa zilizobaki alikaa nyumbani amejifunika mdomo kwa mtandio, akaketi mbali na mtoto, na kila asubuhi alinishika masikio. Kikohozi kilibaki pale pale juu, kisha kikanyamaza. Siku ya kumi na tano aliteremsha mtandio, akamchukua mtoto mikononi mwa mamake bila kuomba, akamnusa kichwani.

Mwezi wa saba ulikuja na mafua yake. Tulishikwa nyumba nzima. Nyanya yalimkaa puani siku nne, nami nilikuwa nikiamka alfajiri kusikiliza kifua chake, na sikusikia kitu ila pumzi. Aliyelala ni baba mdogo. Nyanya ndiye aliyemchemshia tangawizi, na kila alipompelekea kikombe alimwuliza kwa upole ng'ombe dume wa boma anaendeleaje.

Siku ya tatu nilipokwenda kuchukua kikombe, baba mdogo alichungulia mlangoni kwanza, kuona kama mamake yuko karibu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini iliyokauka, kama zile chupa mwakani zitakuwa za wazee peke yao.

Nilimwambia nitakwenda kumuuliza daktari.