Kaseti ya Fundi Masikio

Fundi Masikio hakuitwa hivyo kwa ukubwa wa masikio yake. Ungeweza kupita barabarani na redio yako ikilia begani, naye ameinama ndani ya kibanda chake, akakwambia bila kuinua kichwa, "Spika yako imechanika karatasi. Ilete kabla haijafa kabisa." Na ukiifungua, kweli imechanika.

Kwa miaka thelathini alikuwa na ugomvi mmoja tu na dunia, nao ni juu ya watu wanaonunua mitambo mikubwa ya muziki. Mtu akija kujisifia spika zake ndefu, fundi alimpa kigoda akamsikilizisha redio yake ndogo ya mezani, ile yenye kitasa kilichoshikiliwa kwa gundi. "Sasa niambie hapo kimekosekana nini," alimwuliza. Wengi walijikuna kichwa. Mkewe, aliyeshona nguo kwenye kona ya kibanda hichohicho, alicheka chinichini. "Mwacheni mume wangu. Huyo akisikia kitu cha bei, tumbo linamsokota."

Kila redio aliyoitengeneza aliijaribu kwa kaseti moja. Ilikuwa sauti ya mkewe ikihesabu toka moja hadi ishirini, halafu ikisema, "Haya, imepona, mrudishie mwenyewe." Aliirekodi palepale kibandani, baada ya redio ya mteja kuitafuna kaseti ya zamani aliyojaribia. Mke alisimamisha cherehani, akahesabu, akarudi kushona. Tangu siku hiyo hapakutoka redio pale bila yule mama kuihesabia, na wateja walizoea hata kumaliza naye ile sentensi ya mwisho.

Miaka minne baadaye mkewe akafariki. Ni kifua, walisema hospitali, na kilikuwa kimeharibika siku nyingi. Fundi aliyasikia mengine yote, lakini hayo maneno "siku nyingi" ndiyo yaliyomkaa rohoni. Aliyemtuliza ni binti yake. "Baba, mama alituficha sote. Hakuna ambaye angejua, hata wewe." Fundi aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Hata yeye asingejua. Kwa hayo aliweza kula, na kwa hayo alirudi kazini.

Asubuhi moja akaitwa na daktari wa meno, jirani ambaye walibishana naye juu ya spika tangu zamani. Mtambo wake ulijaza ukuta mzima wa sebule, na siku hiyo upande mmoja ulikuwa bubu. Ulikuwa waya tu uliolegea. Fundi aliukaza, kisha, kwa mazoea, akatoa ile kaseti mfukoni.

"Hapo ndipo tutakapomaliza ubishi," daktari alisema, akijiegemeza kwenye kochi.

Moja. Fundi akatabasamu, maana mkewe alikuwa kama ameketi mbele yake. Mbili. Tatu. Kati ya tatu na nne akasikia pumzi ikivutwa, fupi, na mwisho wake ikipiga mluzi mwembamba. Akasogea karibu. Kwenye tisa mkewe alinyamaza kidogo, akameza. Kwenye kumi na nne palikuwa na kikohozi kilichozibwa kwa kitambaa. Na baada ya ishirini alihema mara mbili ndipo akasema, "Haya, imepona."

"Umeona sasa?" daktari aliuliza. "Tofauti ipo au haipo?"

"Ipo. Umenishinda, daktari."

Daktari alifurahi, mpaka alipomtazama usoni. "Huyo anayehesabu ni nani?"

"Ni mke wangu."

Daktari akanyanyuka, akapunguza sauti ya mtambo.

Njiani fundi alitembea haraka kuliko umri wake, akijitetea peke yake. Mtambo ule ni wa bei mbaya. Unatoa yasiyosikika kwingine. Mtu mwenye kiredio cha mezani angeupata wapi mluzi ule? Kwa mara ya kwanza maishani aliomba kwa dhati kwamba vitu vya bei viwe bora, tena bora mbali sana, na kwamba yeye amekuwa mjinga miaka yote thelathini.

Alifika kibandani, akamkuta binti yake akifagia chini ya cherehani. Hakumsalimu. Alitia kaseti kwenye redio yake ndogo, akainamisha sikio.

Moja, mbili, tatu. Mluzi. Ulikuwa mdogo, nyuma ya mkwaruzo wa kaseti, lakini ulikuwepo, mahali palepale. Kwenye tisa alimeza. Kwenye kumi na nne alikohoa. Alikuwa ameyasikia hayo mbele ya kila mteja, miaka minne mkewe angali hai, umbali wa hatua mbili kutoka kwake, naye masikio yake yote yalikuwa kwenye spika.

Binti aliacha kufagia. "Baba, umeusikia huo mtambo wa daktari? Ni mzuri kuliko hiki kiredio chetu?"

Fundi alishika kile kitasa chenye gundi, akazima.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Ni sawasawa tu." Kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja, akalia.