Pindo la Baibui

Fundi cherehani wetu tunamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo baya linamnyima usingizi. Akikukuta njiani nguo inaburura, atakuvuta kando alishikize pindo kwa bandi hapo hapo, hata kama una haraka ya hospitali. Kinachomlisha ni majoho ya kwaya ya kanisa lao, na mimi ninayempigia pasi yananilisha pia. Ndiyo maana siku ile roho ilikuwa mkononi.

Binti yake alikuwa ameanza kwenda msikitini kusikiliza mafundisho. Hakujificha. Alimwambia mama yake mchana kweupe, wakazozana, wakalia, wakanuniana. Asubuhi hiyo akapita dukani amevaa baibui la mtumba lililomzidi kimo, linafagia sakafu. Mama Pindo alilitazama kwa uchungu, sijui ni wa dini au wa pindo.

"Vua," alisema. "Utakwenda kwa watu hivyo waseme huna mama?"

Wifi yake, kiongozi wa kwaya, alikuwa juu ya kigoda akipimwa joho jipya, amejaa pini mabegani mpaka miguuni.

"Wifi, usiliguse hilo," alisema. "Ukilishona umembariki. Mfungie mlango, njaa itamrudisha. Ukikataa, majoho yetu tunampa fundi mwingine."

"Tulia, pini zitakuchoma."

"Sitanii."

"Na mimi sitanii. Huyu nimemzaa mwenyewe, hakuna aliyenisaidia uchungu. Na huyo tunayemwimbia hajanituma nimfungie mtu mlango."

Akaanza kuchomoa pini moja moja, bila haraka. Akamvua lile joho, akalikunja vizuri, akampa wifi yake likiwa halina hata mkono wa pili. Wifi alishuka, akatoka nalo. Nilitamani kusema neno juu ya riziki yangu, nikaona aibu.

"Panda," Mama Pindo alimwambia binti yake.

Binti alipanda kigoda akijifuta machozi. "Kwa hiyo umekubali, Mama?"

"Sijakubali. Nitakuombea urudi, tena kwa sauti, na wewe utanisikia. Geuka nyuma."

Baibui nililipiga pasi mwenyewe, huku nikijua ndilo lililotunyang'anya kazi. Pindo lilinyooka, huoni mshono.

Ijumaa mama akamsindikiza binti yake. Mama Pindo naye ni mwanakwaya, na siku hiyo alivaa joho lake, lile la ibada, akapita nalo katikati ya barabara, mbele ya duka la wifi yake, mpaka lango la msikiti. Watu waliacha mazungumzo. Pale langoni aliona uzi umechomoza kwenye baibui. Akapiga magoti na joho lake, akaukata kwa meno.

"Haya, ingia," alimwambia mwanawe. "Nakungoja hapa hapa."

Akakaa kwenye ngazi akangoja.