Moshi wa Miti ya Pamba na Sinema Ninayoijutia

Kaa upande huu ambao upepo hauleti moshi, msikilizaji wangu, maana ninachotaka kukusimulia kinaanzia kwenye moshi. Umewahi kunusa miti ya pamba ikiungua? Si harufu ya kuni. Ni kali, ina uchungu wa dawa ya wadudu iliyonyunyiziwa shambani miezi iliyopita, na ikikupata machoni unahisi umepakwa pilipili. Kijijini kwetu, upande wa Sola wilayani Maswa, miti ya kukata kuni ilikwisha zamani. Pamba ikishavunwa tuling'oa mashina yake, tukayafunga mizigo, na hayo ndiyo yaliyoivisha ugali wetu mpaka mvua ziliporudi. Jiko la bibi yangu, mama yake baba, lilikuwa kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Aliinama humo asubuhi na jioni kwa miaka mingi kuliko umri wa baba yangu, na macho yake yalikuwa mekundu daima. Akitoka nje alijimwagia maji usoni, akacheka, akaniambia, "Ng'wanone, macho yangu yanakula kabla ya mdomo." Ng'wanone ni kama kusema mwanangu. Sikuwahi kuyafikiria macho yale. Yalikuwa macho ya Bibi, basi.

Nilikuwa darasa la tatu mwaka ambao mtu mmoja alijenga banda la mabati karibu na ghala la pamba, akaweka televisheni na jenereta. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, watu walikuwa na furaha, na banda lilijaa. Sisi watoto tuliingia bure kwa kumchotea mwenye banda maji. Jumapili moja baada ya ibada, mimi na Minza, binti wa shangazi yangu, tulitua ndoo zetu na kujipenyeza hadi mbele kabisa. Mle ndani palinuka jasho, mafuta ya jenereta na mabati yaliyopata jua tangu asubuhi. Sinema ilikuwa ya nje, watu wake wakizungumza lugha tusiyoijua, na kando ya televisheni alisimama mtafsiri mwenye kipaza sauti, akisema kwa niaba ya kila mtu. Ilikuwa hadithi ya kikongwe aliyeishi peke yake msituni. Alitoa ini bichi kwenye chungu, akalirarua kwa meno, na ute mweusi ukavutika kutoka vidoleni hadi midomoni kama kamba. Nzi walitua juu ya ute huo. Akaulamba pamoja na nzi. Hata sasa, ninapokusimulia, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Kisha kikongwe yule akageuka akatutazama, na mtafsiri akapaza sauti: "Muoneni bibi huyo! Macho mekundu! Mchawi hufahamika kwa macho. Na nyie kwenu mnao, msijifanye wageni!" Banda lote likaangua kicheko. Mtu wa nyuma akajibu, "Wa kwetu tunaishi naye, hadi kodi ya kichwa tunamlipia!" Wakacheka tena. Nami nilicheka. Nimesamehe mengi ya utoto wangu, lakini kicheko kile hakijawahi kunitoka. Kinanitia kinyaa kuliko ini na nzi.

Jioni ile Bibi alipika ugali na mlenda. Unaujua mlenda: ukiinua tonge, unavutika. Alinimegea la kwanza kama kawaida yake, nikatazama vidole vyake, nikatazama utelezi ukishuka kati ya kidole na kidole, kisha nikainua uso nikakutana na macho. Nilitapika hapo hapo kwenye mkeka. Bibi alinifuta kwa kanga yake, nami nikausukuma mkono wake. Alidhani ni homa. Akanichemshia maji ya mwarobaini, nikayamwaga nyuma ya nyumba asiponiona. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa nitazame, na tangu hapo nikaacha kuona.

Kesho yake kwenye pampu ya maji nilimwambia Minza, "Bibi ana macho yale."

"Wee! Yale ya kwenye sinema?"

"Yale yale. Sili tena chakula chake."

Sikunong'ona. Nilitaka wenzangu wasikie, kwa sababu mtoto mwenye habari ya kutisha huheshimiwa. Walisikia pia mama zao waliokuwa kwenye foleni, na hakuna aliyecheka. Inafaa nikueleze, wewe usiyetoka kwetu, kwamba neno lile, macho mekundu, huku halikuwa mzaha. Kulikuwa na vikongwe waliohama vijiji kwa sababu yake, na wengine hawakupata hata muda wa kuhama. Nilimtupia bibi yangu mwenyewe neno la namna hiyo, hadharani, nikiwa nimeshika ndoo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa Bibi nguo hiyo nilikuwa mimi.

Jirani yetu, Mama Masunga, alikuwa amejifungua. Kila asubuhi Bibi alikwenda kumwogesha mtoto, kama alivyowaogesha watoto wa nusu ya kijiji, mimi nikiwamo. Asubuhi iliyofuata aliambiwa mtoto amelala. Ya pili, amelala. Ya tatu mlango haukufunguliwa, na mtoto alisikika ndani akilia. Bibi alirudi na kitambaa chake begani, akaketi kizingitini. Muda si mrefu watoto wakapita wakirusha madongo juu ya paa la jiko, wakiimba maneno ya mtafsiri kwa sauti yake ile ile: "Macho mekundu! Kwenu mnao!" Mama yangu akamkamata Minza kwa mkono, na Minza akasema yote.

Mama aliokota fimbo, akanigeukia mimi. Bibi akasema, "Mwache. Aje apike."

Nilipika siku nne. Niliwasha mashina ya pamba, nikapuliza, nikasonga ugali kwenye sufuria ndogo, machozi na kamasi zikinishuka, na Bibi amekaa pembeni yangu akinielekeza kwa upole, kana kwamba nimekuja kujifunza tu: punguza moto, geuza mwiko, inama chini zaidi, hewa iko chini. Siku ya nne Mama alinipa kipande cha kioo. Nilijitazama nikakiangusha. Macho yale yalikuwa usoni pangu.

"Haya," Bibi alisema, "twende tukasalimie."

Tulipofika kwa Mama Masunga, Bibi alisimama mbali kidogo, nami nikapiga goti. "Mwangaluka, mayu," nikasema, kama mtoto anavyompa mama wa kwetu salamu ya asubuhi.

Mama Masunga alinitazama. "Na wewe macho yamefanyaje?"

"Ni moshi. Na ya Bibi ni moshi. Nilisema vibaya pampuni."

Kisha akaingia ndani, akatoka na mtoto, akampa Bibi, ila mkono wake mmoja ulibaki umeshika ncha ya nguo ya mtoto mpaka alipomaliza kuogeshwa.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Nilizunguka nyumba saba nikirudia maneno yale yale, na wengi waliniitikia vizuri. Lakini Krismasi ilipofika, Bibi, aliyekuwa akisimamia sufuria kubwa la kanisa kila mwaka, hakuitwa. Baada ya msimu uliofuata, baba mdogo alikuja kumchukua akaishi naye Lamadi, kando ya ziwa, ambako wao walipikia mkaa nje ya nyumba. Nilipokwenda kumtembelea, macho yake yalikuwa meupe. Meupe kabisa, kama ya msichana. Aliniuliza habari za kila mtoto aliyewahi kumwogesha, kwa majina. Hakurudi tena Sola.

Sasa naishi Bariadi mjini, ninapikia gesi, na banda lile la mabati limekuwa stoo ya magunia. Lakini usidhani limekufa. Limegawanyika likaingia kwenye viganja. Mwaka huu nilimkuta binti yangu na simu, akitazama kipande cha sinema ile ile, sauti ya mtafsiri ikiwa bado imebandikwa juu yake. Niliitafuta yenyewe, isiyotafsiriwa, nikaitazama hadi mwisho. Pale kikongwe anapogeuka, hakuna anayesema neno. Hakuna anayetaja macho. Maneno yote yalikuwa ya mtu wetu, na kicheko kilikuwa chetu. Nilizima simu, na likizo ilipofika nikampeleka binti yangu Sola, kwa mwanamke mzee anayepikia miti ya pamba hadi leo.

Fanya hivyo na wewe. Mchukue mwanao, nendeni kwa bibi mwenye macho mekundu aliye karibu nanyi, msalimieni kwa heshima, mwombeni kuingia jikoni mwake. Kaeni humo mpaka ugali uive. Kisha tokeni nje, mpe mwanao kioo.